Lotoko ya shemasi ilivyofufua redio ya baba mkubwa

Jumatano ya wiki iliyopita, saa tano asubuhi, shemasi wa kanisa alisimama katikati ya soko la Swima akalalamika, mbele ya watu wote, kwamba lotoko aliyouziwa haina nguvu.

Shemasi huyo ni dada yangu.

Wakuu, heshima zenu. Nawaandikia kutoka Baraka, huku Fizi, Kivu ya Kusini. Kiswahili hiki nilikisomea Kigoma miaka ile ya ukimbizi, kwa hiyo mkikutana na neno la Kikongomani mnivumilie. Mengi ya haya nimeyaona mwenyewe, na saa niliziandika kwenye daftari. Lotoko ni ile ambayo ng'ambo yenu mnaiita gongo.

Kabla hamjamhukumu dada, turudi nyuma kidogo.

Baba mkubwa wangu anaishi Swima, karibu na maji. Alikuwa mvuvi, kisha macho yakaingia ukungu, na sasa haoni kabisa. Tangu hapo kazi yake imekuwa moja tu: habari.

Ana redio ya mkononi ya shortwave, ya zamani kuliko mimi. Kila jioni saa kumi na moja huishikilia sikioni, anasikiliza peke yake, halafu anaizima. Watu wanaingia uani, wanakaa, naye anaanza kusimulia.

Elewa hapo, mkuu. Watu hawaji kusikiliza redio. Wanakuja kumsikiliza yeye.

Anaigiza sauti za marais. Anagombana na mtangazaji ambaye ameshamaliza kipindi. Akina mama wanakuja na mihogo yao, wanamenya huku wanacheka. Nimewahi kusikia habari moja kwenye simu asubuhi, jioni nikaisikia kwake, nikaona ya kwake ndiyo iliyotokea kweli.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, redio ikanyamaza.

Wiki ya kwanza watu walikuja kumpa pole. Ya pili walikuja wachache. Baadaye ua ukabaki na kuku. Mzee akaanza kurudisha sahani ikiwa nusu.

Ndipo binti yake wa kwanza, Yaya Furaha, akaja kutoka Kalemie. Huyu ndiye shemasi. Ni mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada tu, na kwa kuwa ni mkubwa namwita Yaya. Alimletea redio mpya yenye tochi na sehemu ya kuchomeka flash. Pale Swima inakamata kituo kimoja cha FM, na chenyewe huzima mafuta ya jenereta yakiisha.

Mzee aliisikiliza kidogo, akairudisha.

"Hii ni kinanda. Haijue kitu, inajua tu kuimba."

Yaya akaamua: Alhamisi wanapanda boti pamoja, anamhamishia Kalemie.

"Baba, utabaki hapa na nani? Batu habakuje tena kwako."

"Na Kalemie ni nani ananijua? Kule nitakuwa tu muzee mwenye anakalia kiti."

Mimi nilifika Jumapili mchana kuwasalimia. Nafundisha fizikia, si fundi redio, ila huwa nafungua vitu. Mzee alivyosikia sauti yangu akaniambia mbele ya binti yake:

"Uko na siku tatu. Redio ikisema, mi sibebwi. Ikinyamaza, nitapanda boti bila kelele."

Yaya akakubali haraka. Aliamini redio imekufa. Hata mimi niliamini hivyo, ila sikusema.

Jumatatu nilianza na rahisi. Nikafungua sehemu ya mawe, yaani betri. Mawe yalikuwa yamevuja, springi zimeshika kutu ya kijani. Nikasugua kwa ndimu, nikamalizia na ubavu wa kiberiti. Waya mwembamba wa upande wa hasi ulikuwa umekatika, nikauunga kwa risasi ya kuyeyusha. Nikaweka mawe mapya.

Redio ikasema "krrrr", mara moja. Basi.

Wakuu, kama umewahi kufufua kitu unajua raha ya ile "krrrr". Maana yake spika ni nzima. Mzee aliruka kwenye kiti. Yaya akaacha kukunja nguo za safari, akaniangalia vibaya.

Jumanne nikafungua mwili wote. Ndani kulikuwa kwekundu! Kitu kizito chekundu kimeganda juu ya kitufe cha sauti na ile swichi ya kubadilisha bendi, na ndani yake sisimizi wamekufa kwa mamia.

Nikanusa. Mawese.

"Baba mukubwa, ni nani aliweka mawese ndani ya redio?"

"Ni mi," akajibu bila aibu. "Kitufe kilikuwa kinakwaruza. Baiskeli ikilia unaipaka nini? Mulango ukilia? Mutoto akikohoa, unamupaka nini kifuani? Njo nikaipa na yenyewe."

"Kiasi gani?"

"Kijiko. Haikupona, nikaongeza kijiko ingine."

Kwa msioijua Fizi: huku michikichi iko kila upande, na mawese tunapikia, tunapaka, tunatibia. Sijawahi kukutana na mtu wa Fizi aliyefikiri kwamba kuna kitu duniani kinaweza kuharibiwa na mawese. Hata mimi, siku ya kwanza nilikuwa nimepaka kidogo kwenye bawaba ya kile kifuniko cha mawe. Nikaifuta kimyakimya.

Sasa mafuta hayo yatolewe na nini? Maji hayawezi. Petroli ya boti inakula plastiki. Duka la dawa la Swima spiriti ilikuwa imeisha. Nilibaki na jibu moja, na nilijua litaleta shida.

"Yaya, tunatafuta lotoko."

Alivuta kitenge, akajifunga upya. Nikajitolea kwenda mwenyewe.

"Wewe? Nusu itafika kwa redio, nusu kwa tumbo. Nitaenda mi."

Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Alikuwa anashindana na ile redio, na bado hakutaka ishindwe kwa hila. Alisema ahadi aliyompa mzazi si ya kuchezea.

Jumatano asubuhi akatoka na chupa chini ya kitenge. Akarudi jasho linamtiririka, hakuna aliyemwona. Nikamimina kijiko kimoja, nikawasha kiberiti. Lotoko nzuri hushika moto wa buluu. Hii ilizima kiberiti.

Ilikuwa imechanganywa maji. Maji ndani ya redio ni kaburi la pili.

"Hii haifai, Yaya. Inaomba ile kali, ya kwanza kutoka."

Safari hii nilimfuata kwa nyuma. Soko lilikuwa limejaa. Mama Sifa, muuzaji, alimwona kwa mbali, akapaza sauti:

"Mama Shemasi! Tayari umemaliza?"

Watu wote wakageuka. Nilidhani dada atarudi nyumbani. Aliweka chupa juu ya meza, kwa kishindo.

"Hii yako haina nguvu! Ulitia maji!"

Wakuu, soko zima lilikufa kwa kicheko. Muuza samaki mmoja alikaa chini kabisa.

"Ni ya redio," Yaya akasema. "Ni ya kuosha redio ya baba."

"Bote banasemaka vile," akajibu Mama Sifa. "Bwana yangu alisemaka ni ya malaria."

Dada alijikaza, lakini mdomo ukamsaliti. Akacheka mpaka akashika meza. Mama Sifa akatoa chupa nyingine iliyofichwa ndani ya kikapu, akamwambia aipeleke tu, na habari za jioni zikianza amwite.

Hii ilishika moto wa buluu, safi kabisa.

Niliosha kwa unyoya wa kuku, taratibu, swichi kwanza, kitufe baadaye, nikikizungusha mara nyingi hadi lotoko ikatoka bila rangi. Nikaacha vyote juani saa tatu nzima. Antena ilikuwa imevunjika, nikafunga waya wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye mchikichi. Kufikia saa kumi na nusu ua ulikuwa na watu ambao hakuna aliyewaalika. Soko lilikuwa limewaambia.

Saa kumi na moja na dakika nne, nikawasha.

Krrrr. Mluzi. Muziki wa mbali. Kisha sauti ya mwanamke, wazi kabisa, ikasoma habari kwa Kiswahili.

Mzee alinyoosha mikono. Aliichukua redio mikononi mwangu, akaiweka sikioni, akatupungia mkono tunyamaze. Tukanyamaza, watu kama arobaini, tukimtazama mtu mmoja anavyosikiliza. Alipoizima akajikohoza.

"Basi, batoto. Dunia iliharibika sana wakati sikuwako."

Ua ukalipuka. Mama Sifa alikuwa mstari wa mbele.

Alhamisi boti ilimchukua Yaya peke yake. Hakununa. Alinikumbatia, akaniambia nisiwaambie watu wa kanisa lake. Hawamo humu, natumaini. Sasa kila jioni anapiga kwenye simu ya jirani wa mzee, naye anasimuliwa habari akiwa Kalemie. Mzee anamaliza sahani.

Nilichojifunza: anza na mawe na waya kabla ya kusema kitu kimekufa. Usipake chochote ndani ya redio, hata kama bibi yako alikitumia kutibia kila kitu. Na kabla ya kumhamisha mzazi, uliza kwanza ni kitu gani kilichonyamaza kwake.

Wataalamu wa redio, nawaomba mnisaidie kujua hili linalofuata ni nini, maana limenishinda.

Ijumaa, mzee alipokuwa anazungusha kitufe karibu na mwisho wa bendi, alikamata mama mmoja anayeongea Kibembe. Ndiyo, Kibembe chetu, kwenye shortwave. Nilimsikia kwa masikio yangu. Anataja magunia ya ndakala, hawa dagaa wetu, anauliza kama boti imefika, ananyamaza kidogo, anauliza tena. Nilifikiri ni phonie, ile redio ya kuitana ya wafanyabiashara, lakini phonie nyingi kwenye redio kama hii husikika kama bata anayelia. Huyu anasikika vizuri.

Jumamosi alirudi, saa ileile. Jana pia, dakika sita.

Mzee ameuliza kila mtu mwambao mzima hadi Kazimia. Hakuna anayeijua sauti hiyo, na bado hatujasikia mtu akimjibu.