Basi Lililopiga Magoti Jules Street

Sisi tuliokulia Malvern hatukuhitaji saa ya ukutani. Tulikuwa na Jules Street. Barabara ile imenyooka kama imepigwa rula, na basi la mjini ulianza kuliona likiwa mbali kabisa, dogo kama kiberiti, likitetemeka ndani ya vumbi la njano la Agosti linalopeperuka kutoka kwenye vilima vya mchanga wa migodi. Ukiliona asubuhi na chai bado iko kikombeni, umechelewa shule. Ukiliona jioni ungali unacheza rede na mpira wa soksi, jiandae kuitwa. Na Mama hakuwa mtu wa kuita mara mbili.

Leo nina miaka ishirini tu, nashona nguo Yeoville, lakini wadogo zangu wananiita bibi kwa jinsi ninavyopenda kuhadithia ya zamani. Nawaacha waseme. Wao wameinamia simu, vidole gumba vinakimbia, basi linapita na wao wamesimama hapo hapo kituoni. Sisi basi tulilijua kwa mlio. Na kuna moja ambalo nikikumbuka mlio wake, mpaka leo vinyweleo vinanisimama.

Tulihamia Johannesburg kutoka Morogoro nikiwa na miaka minane. Baba ni mtu wa huku. Alikimbia nchi akiwa kijana, enzi za ubaguzi, akaishi kwetu miaka mingi, akaoa, akajifunza Kiswahili mpaka shikamoo na marahaba zikamwingia damuni. Aliporudi alikuta baba yake alishazikwa zamani, tena na majirani. Mama yake ndiye aliyemkuta, amekaa kibarazani kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Huyo ndiye Gogo wetu. Huku bibi anaitwa gogo, na sisi watoto wa Morogoro tulicheka wiki nzima, kwa kuwa kwetu gogo ni gogo la mti.

Baba alikuwa na neno lake akimtazama Gogo: "Safari hii sitakosa." Nilidhani anazungumzia safari ya basi.

Tulikuwa hapa mwaka mmoja tu kisukari kilipochukua mguu wa Gogo. Akapewa kiti cha magurudumu, na hapo ndipo nilipozijua ngazi za basi. Mabasi ya zamani yalikuwa na ngazi tatu ndefu mlangoni na nguzo ya chuma katikati. Sisi watoto tuliziruka kwa hatua mbili, tukining'inia kwenye ile nguzo yenye baridi na harufu ya sarafu. Kwa Gogo zilikuwa mlima. Teksi ndogo hazikusimama, maana kiti chake kingekula nafasi ya abiria watatu. Kila Jumatano, siku yake ya hospitali, Baba alimbeba mgongoni kumpandisha basi, mimi nyuma naburuta kiti kilichokunjwa. Gogo alifumba macho mpaka aketishwe. Aliniambia siku moja kwamba akifumba macho, anaona kama na watu wengine hawamwoni.

Halafu likaja lile basi.

Lilikuwa moja tu, la kujaribiwa, lililoletwa kutoka Uingereza. Halikuwa na ngazi hata moja. Sakafu ilikuwa chini, sawasawa kuanzia mlangoni, unaingia kama unaingia sebuleni kwa mtu. Juu ya magurudumu viti vilitazama nyuma, kwa hiyo ulikwenda mjini ukiitazama Malvern inavyokuacha. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa ameliacha na karatasi iliyobandikwa juu ya dirisha, ramani ya mitaa ya mji fulani wa kule, na sisi tuliisoma kila siku, majina ya vituo ambavyo basi letu halitafika tena. Nilikuwa nawaza watu wa vituo vile. Je, bado wanasubiri?

Lakini shani yenyewe ilikuwa pale kituoni. Dereva alibonyeza kitu, mifuko ya hewa ya upande wa kushoto ikatoa pumzi, psssssh, na basi zima likainama upande wa watu, pole pole, mpaka mlango ukagusana na ukingo wa barabara. Likapiga magoti. Watoto tulipiga makofi. Jirani yetu Mama Chantal, Mkongo aliyekuwa anasuka nywele kwenye kontena pembeni mwa kituo, alirudi hatua mbili na kitana chake mkononi.

"Miye siwezi ingia mule," alisema. "Basi inapigaka magoti, inaombaka nani?"

Kwa Gogo liliinama kila Jumatano. Dereva, Bab' Dube, mzee mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, alishuka na kulabu yake, akavuta ubao wa chuma uliolala chini ya mlango, akauegemeza kwenye ukingo. Magurudumu ya Gogo yakapita juu yake: ngwa, ya mbele, ngwa, ya nyuma. Ndani kulikuwa na nafasi yake, ubao wa kuegemea mgongo, mkanda, na kitufe cha buluu ukutani. Kitufe kile kilikuwa na kengele yake peke yake. Kengele ya abiria wengine ililia ting. Ya kiti cha magurudumu ilikuwa nzito na ya chini, kama mtu anayekohoa ndani ya mtungi, ili dereva ajue nani anashuka.

Gogo hakufumba macho tena. Alivaa kofia yake ya kanisani kwenda kupimwa sukari. Basi likiinama alilipigapiga ubavuni kama ng'ombe na kuliambia neno alilojifunza kwa Mama, "Taratibu, taratibu." Nilikuwa namsubiri kituoni Jumatano jioni, na gwinya la moto, andazi la huku, kutoka spaza, kiduka cha mtaani, tunagawana, nikimsukuma nyumbani huku mafuta yakichuruzika mpaka kiwiko. Nikimwamkia, aliitikia "Marahaba" kwa ulimi wa Kizulu, ikawa ndefu na nzuri kuliko ya mtu yeyote.

Jumatano moja ya Agosti hospitali ilimlaza. Ijumaa alfajiri akafariki.

Sasa, kwa watu wa Baba, mtu akifia ugenini haachwi pale. Mwili unachukuliwa na gari, lakini mwenyewe, roho yake, anafuatwa na mwanawe, kwa tawi la mti wa miiba wanaouita umlahlankosi. Unaligusisha tawi pale alipofia, unamwambia, twende nyumbani, na safari nzima unamweleza njia: hapa tunavuka, hapa tunakata kona, hapa tunashuka. Na nauli yake unamlipia, kwa kuwa naye ni abiria. Mzee wa ukoo wao alimwelekeza Baba kwa simu kutoka Natal, akamwambia apite njia ile ile aliyokwendea mama yake. Kwa hiyo Baba na Mama wakapanda basi la Bab' Dube.

Mimi sikuambiwa chochote. Nilitoka shule Ijumaa hiyo, nikapanda basi hilo hilo vituo viwili kabla ya kwetu. Mama alikuwa amesimama mbele karibu na dereva, kanga kichwani, ananipa mgongo. Baba alikuwa amekaa kando ya nafasi ya Gogo, tawi limelala mapajani, midomo inatembea. "Ma, roboti ni nyekundu, tunasimama. Ma, sasa tunaondoka." Alikuwa anasema Kizulu cha huku, kinachoziita taa za barabarani roboti, kwa sauti ya chini, kama anamlaza mtoto. Nafasi ya Gogo ilikuwa tupu, mkanda unaning'inia.

Mama alikuwa ametulea na maneno haya: "Usimpite mtu mzima kama umepita nguzo ya umeme." Nikafanya nilivyofunzwa.

"Shikamoo Baba."

Na Baba, na Morogoro yake yote damuni, akageuka.

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

Nikamwambia nimeshinda vizuri. Akanishika bega. Wakati huo kengele ililia ting, ya kawaida, Mama ameibonyeza, milango ikafunguka, watu wakasukumana, tukashuka. Basi halikuinama. Lilipoondoka niliitazama ile nafasi kupitia dirishani, nikahisi kama nimesahau mkoba wangu ndani. Nikajipapasa. Mkoba ulikuwa mgongoni.

Nyumbani tawi liliwekwa chumbani kwa Gogo, ukutani nyuma ya kitanda. Jioni watu walikuja, na nikamsikia Mama akimweleza Mama Chantal mkekani. "Mwenye tawi haongei na mtu mwingine njia nzima. Akiongea tu, aliyemfuata anabaki pale pale." Akaongeza kwa fahari, "Baba Rehema hakusema na mtu mpaka mlangoni."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama mikono yake.

Baba yake alizikwa bila yeye. Hii ndiyo safari ambayo hakutaka kuikosa, na mimi nilikuwa nimeiharibu kwa adabu. Jumamosi tukazika, watu wakaimba, na nyimbo zilipoisha niliona kama kila mtu amefika isipokuwa mwenyewe.

Jumatatu nikiwa ndani ya basi, tunakaribia kituo chetu, kengele ya mtungini ikakohoa.

Abiria waligeuka. Nafasi ya Gogo ilikuwa tupu. Hakuna mkono uliokuwa karibu na kile kitufe cha buluu. Bab' Dube akatazama kioo chake, akasimamisha, akafungua mlango, na basi likapiga magoti, psssssh, kwa ajili ya ukingo mtupu. Tulisubiri. Hakuna aliyeshuka. Vumbi la njano liliingia kidogo, likakaa.

"Ni waya," alisema Bab' Dube. "Eish, ni waya tu."

Jumanne tena, kituo hicho hicho. Fundi, wakasema, alishakifungua kile kitufe na kukifunga. Watu waliacha kusimama kwenye ile nafasi hata basi likijaa. Walibanana nyuma, wakaiacha wazi kama mahali panapovuja. Mama mmoja alimwuliza dereva kwa nini anasimama kama ni waya tu.

"Kengele ile siwezi kuipita," alijibu. "Miezi minane nasimama ikilia."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimfikiria Gogo anakwenda mjini na kurudi, mjini na kurudi, akiisoma ramani ya mji asioujua, akipitishwa nyumbani kwake mara kumi kwa siku.

Jumatano nilikata kijitawi kidogo kutoka kwenye lile tawi la ukutani, nikakitia ndani ya daftari la hesabu. Nilipotoka shule nilikishika mkononi kabla sijapanda. Nauli nililipa mbili. Bab' Dube alitazama sarafu, akatazama majani yaliyosinyaa mkononi mwangu, akavua kofia, akaivaa tena.

Nilisimama kwenye nafasi ya Gogo. Palikuwa na baridi kuliko sehemu nyingine, au labda ni mlango. Kizulu changu kilikuwa cha kununulia peremende, nikaona bora niseme Kiswahili, lugha tuliyocheka nayo. "Gogo, ni mimi Rehema. Roboti ni nyekundu, tunasimama. Gogo, sasa tunaondoka. Gogo, kontena la Mama Chantal lile pale."

Kengele ikakohoa. Mimi sikuigusa.

Basi likainama. Bab' Dube akashuka na kulabu, akavuta ubao wa chuma, akauegemeza vizuri kama zamani. "Gogo, tumefika," nikasema. "Tushuke. Taratibu, taratibu." Nikashuka mimi kwanza, nikasimama chini, nimeligeuzia basi mgongo.

Nyuma yangu ubao ukalia: ngwa. Halafu kimya kidogo. Halafu ngwa.

Sikugeuka. Nilianza kutembea, pole pole, kwa mwendo wa kusukuma kiti. Mama Chantal akaniona. "Rehema! Habari ya masomo?" Nikampita. "We! Haunionake? Leo umekuwa muzungu?" Machozi yalinitoka, maana sijawahi kumpita mtu mzima hivyo, lakini midomo yangu ilikuwa ya Gogo peke yake. "Gogo, hapa kuna shimo. Gogo, tunakata kona."

Baba alikuwa amekaa kibarazani, kwenye kiti cha mama yake cha zamani, akinywa chai. Nilimfikia. Sikumwamkia. Nilitazama mbele, kijitawi mkononi, nikisema, "Gogo, huu ni mlango wetu."

Alifungua mdomo kunigombeza. Kisha akaliona jani. Kikombe kikatua chini bila sauti. Akasimama, akavuta ndoo ya maji iliyokuwa pembeni mwa mlango, akasogeza viatu, akajibana ukutani, akatuachia nafasi. Si nafasi ya mtoto wa miaka kumi. Nafasi ya kiti cha magurudumu.

Chumbani nilikirudisha kijitawi nyuma ya kitanda. Hapo ndipo niliporuhusiwa kusema. "Shikamoo Gogo," nikasema, na Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Kengele haikulia tena. Baada ya majaribio basi lile liliondolewa, sijui lilipelekwa wapi. Siku hizi yamekuja mengine machache yasiyo na ngazi, na vijana wanaingia na waya masikioni, hawamwamkii dereva, hawajui hata kwamba kitu kimewainamia. Siwalaumu, nawatania tu. Lakini nikiwa natoka Yeoville na begi langu la vitambaa, basi likitoa pumzi na kushuka, mimi huwa nasimama kwanza kando ya mlango. Ninahesabu moja, mbili, kama ngwa mbili za ubao. Nyuma yangu watu wanasonya, "Sista, ingia basi." Naingia. Enzi zile tulikuwa tunasubiri mpaka kila mtu apite.