Dengu Ambayo Haikuonjwa

Masista wa Bungoma walikuwa wamenialika nikae nao siku chache, nione kama utawa unanifaa. Kila waliponipigia simu nilisema nitakuja mwezi ujao. Nilikuwa nangoja kwanza niwe mtu safi, nisali bila mawazo kutangatanga. Mimi ni wa kufua shati zima upya kwa sababu ya doa kwenye kola.

Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa Kitale, katika duka la familia ya Kihindu. Wao ni wa jumuiya inayomwabudu Mungu kwa nyimbo na chakula. Jumapili moja waimbaji walikuwa wanakuja nyumbani kwao, na mama mwenye duka akaniomba nimsaidie kupika. Dengu ilipoiva nikachota kijiko, nionje chumvi. Akanishika mkono.

"Hatuonji. Mungu kwanza. Kule mtaani kwenu Matisi mgeni akija, mnaanza kula nyinyi?"

"Na kama chumvi haitoshi, mama?"

"Atakula hivyo hivyo. Yeye si kama wewe."

Niliteseka kwa kutojua chumvi. Sahani ikawekwa mbele ya sanamu, kengele ikalia, wakaimba: mwenye duka la dawa, fundi wa magari, bibi asiyeweza kukunja magoti. Mtawa sikumwona. Nikamuuliza mama watawa wao wako wapi.

"Wako. Wameacha ndoa na nyumba, wanavaa rangi ya machungwa. Mmoja akipita hapa tunamgusa miguu kwa heshima."

"Basi hao ndio wanampenda Mungu kabisa?"

Akacheka. "Na mimi nimempikia nani tangu asubuhi? Mtawa ameweka nadhiri, mimi nimeweka sufuria. Wimbo ni ule ule."

Nilikuwa nimejisomea mengi kuhusu mashirika ya watawa, na nadhiri niliiona kama cheti cha waliokwisha kufaulu. Kwa watu hawa mapenzi yalitangulia; utawa ulikuwa njia moja ya kuyaishi, wala si lango lake. Sijui kama Wahindu wote wangekubali, sijasoma vya kutosha. Lakini nilianza kushuku kwamba hata masista walikuwa hivyo, na ni mimi niliyewageuza kuwa wasahihishaji wa mtihani.

Tulipoketi kula, dengu ilikuwa chapwa kabisa.

"Leo tumelazwa hospitali, ama?" fundi wa magari akauliza. Wakapeana chumvi, wakala wakamaliza. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Wiki ile nikaomba ruhusa kazini. Sista aliyenifungulia mlango Bungoma aliuliza kama sasa niko tayari. Nikasema hapana. Alikuwa ameshapokea mkoba wangu.