Meseji ya Shangazi Iliyofika Nusu

Nakumbuka siku tuliyomzika baba, mwanangu, nilikataa mkono wa shangazi yangu Kulwa mbele ya waombolezaji wote. Nilikuwa bado binti, mwepesi wa hasira, na nilidhani nina sababu.

Shangazi ndiye aliyemuuguza baba hospitalini Mpanda. Mimi, Neema wake, nilikuwa Kabungu napalilia mahindi, na simu kule zilikuwa hazishiki vizuri. Basi alipita kwa kijana mmoja mwenye steshenari Kashaulili, aliyetengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kutuma meseji moja kwa ukoo mzima. Ilifika hivi: “Kaka amepata nafuu.” Nikamshukuru Mungu, nikarudi shambani. Kesho yake baba akafariki.

“Mbona hukuniita, shangazi?”

“Nilikuita, mama. Niliandika.”

Nikamwita muongo. Mtu aliyenilea, mwanangu!

Hatukusemeshana mpaka yule kijana alipokuja mwenyewe nyumbani Ilembo, kompyuta kwapani, machozi yanamlenga. Akatuonyesha alichoandika shangazi: “Kaka amepata nafuu & anamwita Neema, aje leo.” Ile alama ya &, ambayo shangazi aliizoea tangu kuandika kibao cha duka lake, njiani kuelekea seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea meseji na kuzisambaza, ina kazi nyingine: inasema jambo moja limeisha, linaanza jingine. Ilitakiwa ifungwe, yaani igeuzwe kuwa msimbo maalumu, kabla ya kusafiri, ifunguliwe ikishafika. Haikufungwa. Seva ikachukua nusu, ikatupa nusu, ikajibu “imetumwa.” Ukoo mzima ulipata nusu ile ile.

“Niliijaribu sana, mama, ikawa inafanya kazi,” kijana akasema.

“Uliijaribu kwa maandishi yako, baba,” shangazi akamjibu taratibu. “Sisi tunaandika hivi.”

Mimi hakunisema hata kidogo. Nililia nimemshika miguu, lakini baba alikwisha kuniita, nami nilikuwa napalilia. Inaniuma hadi leo.

Sasa nawe unatengeneza kurasa za watu. Kila alama mtu anayoandika, ifunge vizuri kabla haijaenda kwa seva, hata kama wewe huitumii. Waite watu wa sokoni waandike wanavyoandika, ndipo useme kazi iko tayari. Na meseji ikieleweka, usidhani imefika yote, wala usikimbilie kumlaumu aliyeituma.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Na kila anayeitwa kupitia kazi yako, amjalie afike angali anasubiriwa.