Chokaa Haiwaki

Shemeji yangu, mume wa dada, haamini kitu mpaka akiguse, na akishakigusa hukishuku zaidi. Miaka ishirini na mbili amelisha makaa ya mawe boila ya kiwanda cha karatasi, mtaa wa pili kutoka hapa ninapoishi nao. Jina lake la mtaani ni Hebu Nione.

Walipoleta tanuri jipya alirudi nyumbani amenuna.

"Eti makaa yachomwe ndani ya mchanga! Hewa inapulizwa toka chini, mchanga unatokota kama uji. Halafu tutie na unga wa mawe ya chokaa. We umeshaona chokaa ikiwaka?"

Mhandisi alimweleza kwamba chokaa haikuletwa iwake. Kazi yake ni kuinasa gesi ya salfa, isiyoonekana kwa macho, humo humo motoni, kabla haijapanda bombani ikaingia vifuani mwa watu. Shemeji aliitikia "Sawa mkuu," kwa ile sauti yake ya kutokubali.

Lakini dada, aliyebanwa na kifua tangu aolewe akahamia karibu na kiwanda, akaanza kuweza kulala chali. Akapandisha ndoo ya maji ngazi zote bila kusimama. Mimi nilifurahi hadi nikalia. Shemeji akasema ni hali ya hewa tu.

Mwezi wa tatu tangu tanuri lianze, kikohozi kikarudi, kibaya kuliko mwanzo. Hapo mtu wetu akapata kazi ya ziada. Akamshuku mhandisi, akayashuku makaa, akamshuku hata jirani anayechoma taka. Kila akitoka kazini alisimama uani kulikagua bomba la kiwanda. Moshi hakuna.

"Kuna mtu anatuchezea," alisema.

Dada alikuwa ameketi kitandani, dawa ya kuvuta mkononi. "Mume wangu, ukiwa zamu ya asubuhi nabanwa asubuhi. Ukiwa ya mchana, nabanwa mchana. Ulipokuwa likizo nilikuwa mzima. Huko unafanya nini?"

Nilidhani atafoka. Akatazama viatu vyake.

"Napunguza chokaa," alisema. "Niliona inaupooza moto bure. Na moshi sikuuona, nikajua hakuna neno."

Nilimchukia saa ile, sifichi. Dada alicheka mpaka akakohoa. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Kesho yake zamu ilianza saa nane mchana. Saa sita alikuwa ameshavaa. Mlangoni aligeuka.

"Leo natia chokaa yote. Ukibanwa, mpigie mhandisi," alimwambia dada. "Usiniulize mimi."