Suban Hakamwi na Mgeni

Kwetu mwanamke hukama mbuzi. Ngamia ni wa wanaume, na mwanamke akimgusa chuchu watu husema maziwa yatakauka. Mama mkwe wangu Ambaro alianza kukama ngamia alipofiwa na mumewe, wakati Guhad, aliyekuja kuwa mume wangu, alikuwa bado ananyonya. Shemeji zake walikuja wakitaka kulichukua kundi, eti wamtunzie.

"Tunzeni ndevu zenu," akawaambia.

Alfajiri akasimama kwa mguu mmoja, bakuli la mti juu ya goti, kama wasimamavyo wanaume, akakama. Wachungaji kisimani wakacheka wee, wakampachika jina la Bwana Ambaro. Akaitikia. "Labeka! Bwana Ambaro yuko hapa, na ndoo zenu ziondoeni njiani, ngamia wangu wana kiu."

Nilipoolewa nilimkuta hivyo, mwembamba, mikono imekomaa kama kamba ya kuteka maji, hana maneno mengi ila ya kuuma. Lakini kwa Suban alikuwa mtu mwingine. Suban ndiye ngamia aliyependwa kuliko wote. Ndama wake wa kwanza alikufa, na tangu hapo hakushusha maziwa mpaka aimbiwe, na si kila sauti aliikubali. Sauti alizokubali ni mbili tu, ya Ambaro na ya Guhad.

*Suban, binti wa mvua,*
*mgeni usimpe,*
*mwenye mkono wake yuaja.*

Nilipokuwa na mimba ya Idil, Guhad aliniletea maziwa ya Suban kila asubuhi, yangali na povu. "Kunywa," ananiambia, "huyo wa ndani asije akatoka mwembamba kama mama yangu."

Ulikuwa mwaka ambao Vijana walitawala kwetu. Wenyewe walijiita jeshi la Mungu, sisi tuliwaita Vijana, na kwa sauti ya chini. Walikuja kuchukua zaka. Kila mwenye kundi alitozwa, na aliyetoa jana alitozwa tena leo. Siku waliyokuja kisimani walikuwa wamefunika nyuso. Mmoja wao hakushika bunduki. Alinyoosha kidole akamwonyesha Suban. Guhad akasema, "Chukueni wengine. Maziwa ya huyu ni ya mke wangu, ana mimba." Wakampiga risasi palepale, kwenye hori la kunyweshea. Wakaswaga kundi zima, wakakilipua kisima.

Hayo tuliyapata kwa wachungaji waliokimbia. Uso hawakuuona. Kidole tu.

Ambaro hakulia mbele ya watu. Alimwosha mwanawe kwa macho tu, maana kuosha ni kazi ya wanaume, akasimama mbali hadi kaburi likafunikwa. Usiku ule akaniambia, "Aliyepiga risasi ametoka mbali, hamjui Suban. Aliyenyoosha kidole ni wa hapa. Huyo ndiye wangu."

Tangu siku ile alitaka kitu kimoja, ajue kidole kile ni cha nani. Na mimi pia. Nisiseme uongo, nilimnyonyesha Idil huku nikimtafutia yule mtu sura. Leo nilimpa pua ndefu, kesho nilimpa makovu. Mtoto akishiba akanitazama na kucheka, nilikuwa nikiona haya, kisha naanza tena.

Baadaye wanaume wa ukoo wetu walichoka. Walifukua bunduki, wakawafukuza Vijana hadi ng'ambo ya mto. Ndipo majirani zetu, ukoo ambao vijana wao wengi walikuwa wamejiunga na wale watu, wakaogopa kisasi, wakaleta wazee. Watalipa fidia ya damu kwa ngamia, kama mila inavyotaka, kila nyumba itoe chake. Msemaji wao alikuwa Kulmiye, mwenye duka mjini, mtu wa jino la dhahabu na maneno matamu. Tulimjua. Aliwahi kumuuzia Guhad sukari.

Tulikutana pale pale kisimani, juu ya mawe yaliyovunjika. Ngamia wa fidia wameletwa, wamejaa uwanja. Kulmiye akasimama.

"Mama Ambaro, dada yetu, hakuna anayejua ni nani aliyemuua Guhad. Walikuwa wamefunika nyuso. Mungu anajua. Sisi tunalipa kwa sababu ya ujirani. Pokea, tunywe maziwa, tulale."

"Wewe usingizi huupati, Kulmiye?" Ambaro akauliza.

Watu wakacheka kidogo. Yeye mwenyewe akacheka pia, jino likang'aa.

Ambaro akaanza kupita kati ya ngamia, kama mnunuzi. Nilimfuata nikiwa na Idil mgongoni. Akasimama mbele ya mmoja, jike, amekonda, shingoni ana chapa pana ya moto, chapa ya nyumba ya Kulmiye. Kovu lilikuwa jipya kuliko uzee wa ngozi. Nikamwona mama mkwe wangu akiweka kiganja juu ya kovu lile, kidole chake kikitafuta kitu chini yake. Nilijua anatafuta nini. Chapa yetu ni mistari miwili, na hata ukichoma juu, mfereji wake unabaki.

"Huyu amekonda, ami," akamwambia mzee Shire, ami yake Kulmiye, aliyekuwa amesimama karibu. "Mnalipa damu ya mwanangu kwa ngamia mgonjwa?"

"Si mgonjwa," mzee akasema kwa aibu. "Ni mkaidi. Nyumba nzima ya Kulmiye imejaribu, hatoi hata tone. Nilimwambia alete mwingine, yeye akasema fidia ni idadi."

Basi hapo ndipo Kulmiye alipojimaliza. Mtu mwingine angemuuza kwa wachinjaji siku ya kwanza. Lakini ni nani kwetu angempeleka machinjioni ngamia mwenye kiwele kama kile? Alimweka kwa uroho wa maziwa, na alipoyakosa, kwa ubahili akamsukumia kwetu.

"Nipeni bakuli," Ambaro akasema.

Wanaume wakanung'unika. Mmoja akaropoka, "Bwana Ambaro amerudi!" Hakuna aliyecheka. Akasimama kwa mguu mmoja, uzee wake wote ukitetemeka, bakuli juu ya goti, akaanza kuimba. *Suban, binti wa mvua.* Sauti ilikuwa imepasuka. Ngamia akageuza shingo, akamnusa kichwani, akatoa mlio ambao sijausikia tena. Kisha tukasikia maziwa yakipiga mti. Kwanza mstari mwembamba, halafu mingi, hadi povu likapanda ukingoni.

Ambaro akalibeba bakuli hadi kwa Kulmiye.

"Mgeni usimpe," akasema. "Ulimpata wapi?"

"Sokoni. Nilimnunua sokoni, walahi."

"Basi apa. Na ndugu zako waape pamoja nawe, kama mila ilivyo. Kisha unywe."

Kulmiye akawageukia watu wake. Hakuna aliyesogea. Mzee Shire alikuwa anatazama chini.

"Ami, sema nao," Kulmiye akamwomba.

"Niseme nini?" mzee akafoka. "Mwaka ule ule uliingia na ngamia huyu uani kwangu ukasema wale watu wamekutunuku. Nikakuuliza wamekutunuku kwa lipi, ukaniambia mambo ya dini siyajui! Sasa ukoo mzima unakulipia damu, na unalipa kwa mali ya marehemu?"

"Mimi nilimwonyesha tu!" Kulmiye akapiga kelele. "Nilionyesha ngamia tu! Sikupiga mimi!"

Idil akaanza kulia mgongoni kwangu, na mimi sikumbembeleza. Nilikuwa nikimtazama yule mtu. Sura ile niliyomtafutia muda wote, ikawa sura ya mwenye duka anayepima sukari.

Binamu wa Guhad wakakoki bunduki. Ambaro akainua mkono.

"Risasi itamuua mara moja tu," akasema. "Mzee Shire, nataka neno lako moja. Huyu akiuawa kesho, mtadai damu yake?"

Mzee akavua shali yake, akaikung'uta mbele ya watu. "Si wetu. Akifa, amekufa mbuzi wa porini."

Ambaro akamwaga maziwa yote miguuni pa Kulmiye, hadi bakuli likakauka. "Nenda nyumbani," akamwambia. "Hakuna atakayekugusa leo."

Hakuenda mbali. Wale aliowatumikia hawamtaki, ametoa siri yao, na barabarani hana ukoo wa kumlipizia kisasi. Duka limefungwa. Anaishi nyuma ya mlango wa bati, na msikitini haendi. Na kila asubuhi Ambaro akienda kuuza maziwa, madumu begani, husimama pale akagonga kwa fimbo.

"Kulmiye! Umeamka? Leo pia umeamka?"

Kisha anaendelea na njia yake.

Majirani wengine husema inatosha sasa, mama, msamehe. Huwajibu, "Nimemsamehe risasi. Mnataka nini tena?"

Jana Ambaro alishikwa na homa. Asubuhi hii nimemkama Suban mimi, kwa wimbo ule ule, na amenikubali. Nimemfunga Idil mgongoni, nimebeba madumu. Nilipofika mlango wa bati nilidhani nitapita tu, mimi si mtu wa maneno. Miguu ikasimama. Nikamkumbuka Guhad akinipa bakuli lenye povu, ananiambia ninywe.

Nikagonga.

"Kulmiye," nikasema, taratibu, kama ninavyomwamsha mtoto. "Umeamka?"

Ndani nikasikia komeo la pili likisukumwa. Nikangoja hadi likakaza, ndipo nikaenda sokoni.