Udi Usio na Harufu

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Rajabu, mwaka wa 2021, nilipompoteza dada yangu Zuhura. Korona ilimchukua kabla chanjo haijatufikia. Mimi na yeye tulikuwa tukipika udi nyumbani kwetu Mji wa Kale, tukiwauzia watu wa harusi. Nilibaki na sufuria, na Mama, mzee mwenye pumu.

Chanjo ilipokuja nilichanjwa sindano zote mbili. Mama alipata moja tu.

Rajabu iliyofuata tulitayarisha hitima ya Zuhura, kisomo cha kutimiza mwaka. Siku moja kabla, koo liliniwasha na mgongo ukaniuma. Sikujali. Nikatia udi kwenye chetezo kuujaribu. Moshi ukapanda. Nikainama mpaka machozi yakanitoka. Sikusikia harufu yoyote.

Nikamwita Mwanaisha, mke wa kaka yangu, nao wakaa nyumba ya pili. "Wanukia?"

"Wanukia mpaka barabarani! Kwani wewe huna pua?"

"Basi nakwenda kupima."

"Kupima nini? Si ushachanjwa wewe? Kesho watu waja, wifi!"

Nilikwenda kwa miguu mpaka kliniki moja ya Makadara. Wakanitia kijiti puani, nikadhani kitatokea kisogoni. Majibu yalipotoka, daktari akaniambia, "Mama, unayo korona."

"Na sindano nilizopigwa?"

"Hazizuii isiingie kabisa. Zinasaidia isikulemee. Nyumbani uko na nani?"

"Na mama yangu."

"Usimkaribie."

Nilisimama mlangoni kwetu na barakoa, nikasema hitima isisomwe nyumbani, isomwe msikitini. Mwanaisha akasema, "Watu watasema umemnyima dada yako kisomo."

"Waseme."

Mama akaita kutoka ndani, "Mwanangu mmoja nimemzika bila kumwona uso. Na wewe nisikuone?"

"Utaniona, Mama. Si leo."

Nikajifungia chumba cha juu. Homa ilinitikisa, mifupa ikauma, jasho likalowesha kanga. Nilikohoa mpaka mbavu zikauma. Lakini pumzi haikunikatika. Zuhura yeye, siku zake za mwisho, alikuwa akivuta hewa kwa mabega.

Mwanaisha aliniwekea uji ngazini kila asubuhi, akipiga kelele, "Bi Udi! Njoo uchukue uji, nao pia hauna harufu!" Nilicheka, nikakohoa tena.

Mama alipimwa. Hakuwa nayo. Hilo najivunia kuliko udi wote niliopika. Kilichomwokoa ni ile sindano yake moja au ni mlango nilioufunga, sijui. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili. Nawe uliyechanjwa, ukiona mwili wako umebadilika, kapime, hata kama kesho una wageni.

Nilipopimwa tena nikaonekana nimepona, nilishuka. Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Kisha akanisogezea chetezo kinachofuka udi.

"Wasikia?"

"Bado, Mama."

"Itarudi. Tia kipande kingine."

Nikatia kipande cha pili, tukakaa mkekani, tukamsomea Zuhura Yasini.