Udongo wa Changarawe

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji na kuni, kila msimu wa baridi baba alitupeleka mimi na Yaya Monika, kama tunavyomwita dada mkubwa, kwa Nkambo. Huyo ndiye bibi aliyemzaa baba. Alikuwa akiishi nje ya Élisabethville, chini ya vilima. Mwaka mmoja tulifuatana na Mama Ngoie, mke wa baba yetu mdogo. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto, na ndugu za mumewe, baba yangu akiwamo, walikuwa wameanza kusema wazi kwamba arudishwe kwao. Alipelekwa kwa Nkambo eti apumzike. Hata mimi nilielewa maana yake.

Nkambo alikuwa mfinyanzi. Udongo wake mzuri, mweusi na laini, ulikuwa bondeni, lakini Mzungu mwenye shamba la ng'ombe alikuwa amelizungushia bonde waya. Tukapanda kwenye mteremko. Huko hapakuwa na la kusifu: nyasi fupi za manjano, ng'ombe waliokonda, upepo wa mwezi wa sita ukikata masikio. Jembe lilishuka kiasi cha kiganja tu, likagonga mwamba. Udongo wenyewe ulikuwa mwekundu, umejaa changarawe. Tuliuchambua kwa vidole vilivyokufa ganzi, na bado haukwisha mawe.

Kabla hatujachimba, Nkambo aliuliza kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mwenye kuwa na mimba aseme, abakie mbali. Bulongo haipendake siri."

Bulongo ni udongo. Iliaminiwa kwamba mwenye mimba akiinamia shimo lake, vyungu vitapasuka motoni. Hakuna aliyesema neno. Yaya Monika alikuwa akifunga upya kitambaa chake cha kichwa.

Siku ya kuchoma tulivipanga vyungu uwanjani, tukavifunika kwa magome ya miti na mavi makavu ya ng'ombe. Moto uliposhika vizuri, kikapasuka cha kwanza. Kikafuata kingine, kwa mlio kama wa bunduki iliyo mbali. Jioni tulifukua vigae tu.

Nilitazamia Nkambo agombe. Badala yake alimshika Mama Ngoie mkono.

"Ngoie. Iko wewe?"

Mama Ngoie aliangalia chini. Nkambo hakungoja jibu. Alipiga vigelegele, peke yake katika upepo ule, hata mchunga ng'ombe wa Mzungu akasimama kule juu kututazama.

"Nyungu ipasuke! Tutafinyanga ingine!"

Mama Ngoie hakukubali, hakukataa. Alilia. Mimi nilidhani ni furaha.

Giza lilipoanza kuingia tulizunguka moto kula bukari, ugali wetu. Yaya Monika hakugusa chakula. Akasema bila kuinua kichwa:

"Nkambo, haiko Mama Ngoie. Ni mimi."

Alitaja kijana mmoja wa reli, ambaye alikwisha kuhamishiwa Sakania. Hakuaga. Baba akijua, alisema, atamfukuza nyumbani.

Mama Ngoie aliweka tonge lake chini.

"Mi nilijua kama ni bongo, haiko kweli. Lakini tangu niolewe, hakuna mutu alinipigia vigelegele. Nilishindwa kukatala."

Nkambo aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

"Mi niliuliza, Ngoie akanyamaza," akasema. "Sasa we Monika, na we unyamaze. Mutabakia hapa bote babili. Mutoto akizaliwa, iko wa Ngoie."

"Na mimi, Nkambo?"

"We utarudia kuwa binti."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na we, ulisikia nini?"

"Hakuna kintu, Nkambo."

"Muzuri."

Nilirudishwa mjini peke yangu. Nkambo alituma habari kwamba mimba ya Ngoie haitaki safari, na Monika atabaki kumsaidia kazi. Baba mdogo alimpelekea mkewe blanketi, akarudi akisema amemkuta ameketi, amejifunga vitenge vingi kwa sababu ya baridi. Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, akaitwa Petro. Walirudi naye alipokwisha kuanza uji. Nani alimnyonyesha kule vilimani, hakuna aliyeuliza. Baba mdogo alimbeba mwenyewe kwenda kubatizwa, na maneno ya kumrudisha Mama Ngoie kwao yakaishia hapo. Siku nyingine nafikiri baba mdogo alijua.

Nimewauliza wafinyanzi wengine baadaye. Wanasema changarawe hupasua chungu, mwenye mimba awepo asiwepo. Nkambo alifinyanga maisha yake yote, sidhani hakulijua hilo. Lakini mimba ilikuwepo, na vyungu vilipasuka. Sijisumbui tena kutafuta kipi kilileta kipi.

Yaya Monika aliolewa Kilwa, ile ya kwetu, si ya pwani, akazaa watoto wengine. Mama Ngoie alipofariki, akiwa mzee, Petro alikaa mbele kabisa, mahali pa mtoto wa marehemu. Monika alifika akiwa na vumbi la safari, akamshika mikono.

"Pole, Petro."

"Aksanti, yaya."

Nilimwangalia dada yangu. Uso wake haukubadilika. Alisogea nyuma, akapata nafasi kwenye mkeka kati ya wageni, akavua viatu.

Utotoni niliamini Nkambo aliwaokoa wote wawili jioni ile. Siku ya msiba niliona kwamba alimwokoa mmoja, na mwingine alimsitiri tu. Alifanya alichoweza kwa wakati ule, na Monika hajawahi kumlaumu mbele yangu. Mimi pia sijamwuliza.